Landrova Series III: kutafuta na kufunga spea za breki mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho

Landrova yangu kwenye kadi ni 109, Series III, ya 1978 (109 ndo ile ndefu, 88 ndo fupi, ni inchi kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma). Kwenye kadi. Chini ya gari ni habari nyingine kabisa, maana ekseli ya nyuma siyo yake, kuna fundi enzi hizo alitoa ya kwenye 88 akaipachika akaendelea na maisha, na mimi nimekuja kujua baada ya kununua shu za breki seti nzima (vile vyuma vya kupinda vinavyobana dramu kwa ndani), nimeenda nazo mpaka nyumbani, nimefungua dramu, shu zikakataa kuingia. Inchi 11 kwenye dramu la inchi 10, zitaingiaje. Hapo ndo nilijifunza kwamba kwenye hizi gari za zamani hununui spea ya gari lililoandikwa kwenye kadi, unanunua spea ya kile kilichofungwa.

Kwa hiyo mwongozo huu nitaanzia huko, kwenye kutambua, na nitakaa hapo sana kwa sababu kufunga kwenyewe siyo kugumu kivile. Series III zimetengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985, zimeuzwa huku kwetu kwa serikali, misheni, mashamba ya mkonge, kampuni za utalii, nyingine ziliunganishwa hapo Thika, na Arusha ukitaka kuziona zimejaa mpaka leo, kwenye lile tamasha la Oktoba 2024 barabara ilikuwa Landrova tupu. Spea zipo. Shida siyo kukosa spea, shida ni kupata ya kwako.

Kabla ya hela kutoka, jua una nini

Lala chini ya gari na tochi, kalamu na simu. Cha kwanza ukubwa wa dramu. 88 inatoka kiwandani na madramu ya inchi 10, yaani milimita 254 kwa ndani. 109 ina inchi 11, kama milimita 279 na kidogo. Halafu 88 za mwishoni mwishoni, kuanzia 1980, mbele wakaziwekea inchi 11 kama 109, kwa hiyo hata bila fundi kuchanganya, kiwanda chenyewe kimeshachanganya. Usikisie kwa macho, fungua dramu moja mbele na moja nyuma upime kwa ndani kwa futi ya chuma, mbona dakika chache tu.

Cha pili angalia wili silinda, vile visilinda vinavyosukuma shu, viko vingapi kwa kila tairi. Breki za mbele za 109 zina silinda mbili kila upande, moja inasukuma shu ya juu nyingine ya chini, na kuna kijipaipu kifupi kinaziunganisha kwa nyuma ya bekpleti, lile bati linalobeba shu nyuma ya dramu. Za 88 zile za inchi 10 zina silinda moja tu kila tairi. Nyuma ni moja moja kwa zote. Upana wa shu nao pima, maana 109 zenye injini ya silinda 6 mbele zina shu pana zaidi kuliko wenzake wa silinda 4, na muuza duka akikusikia unasema "109" tu atakupa ile anayoijua yeye.

Cha tatu masta silinda, ile inayosukumwa na pedeli. Ina mlango mmoja wa kutolea mafuta au miwili? Mmoja maana yake mfumo ni wa njia moja, paipu likipasuka popote pale breki zote zimekwenda. Miwili ni njia mbili, mbele na nyuma zinajitegemea, na mara nyingi hizi zina na busta, lile bakuli jeusi nyuma ya masta linalokusaidia kukanyaga. Masta ya 88 na ya 109 kwa nje unaweza kuzifananisha lakini kipenyo cha ndani siyo kimoja. Ukifunga yenye tundu dogo kwenye gari yenye silinda kubwa chini, pedeli itazama karibu ifike kwenye bati kabla breki haijashika, na hutakuja kuimaliza hiyo shida kwa kutoa upepo (hewa iliyoingia kwenye paipu) hata utoe wiki nzima. Ukifanya kinyume pedeli inakuwa fupi na ngumu kama unakanyaga jiwe. Kipimo wakati mwingine kimeandikwa kwenye bodi ya masta yenyewe, safisha kwa brashi ya waya utakiona.

Cha nne, na hiki ndo kimeniumiza zaidi ya vyote, nyuzi za nati za paipu. Za zamani ni za Kiingereza, zinaitwa UNF, tatu ya nane ya inchi. Za baadaye ni milimita, M10 yenye nyuzi za milimita 1. Sasa sikiliza ubaya wake, tatu ya nane ya inchi ni milimita 9.5 na kidogo, na nyuzi zake zimepishana milimita 1.06 hivi. Yaani zinakaribiana kiasi kwamba nati ya aina moja inaanza kuingia kwenye tundu la aina nyingine, inazunguka mara mbili tatu, unadhani ni kutu tu, unaongeza nguvu, na hapo umeshaharibu silinda mpya. Tena spana haikusaidii kutambua, nati ya UNF inashikwa na spana ya 7/16 ambayo ni milimita 11.1, na ya M10 nyingi ni spana ya 11. Spana moja inakubali zote! Mimi silinda mbili ziliniharibikia kwa staili hiyo siku moja, duka nililonunua walisema "ni zilezile tu boss, kaza", nami nikakaza.

Namna ya kupima ni rahisi. Nati ya zamani chukua mkononi, jaribu kwenye silinda mpya kwa vidole, bila spana. Inatakiwa iingie mpaka mwisho kwa vidole. Ikigoma popote, simama. Hiyo siyo yake.

Mwisho wa kutambua, soma namba ya chesi. Zile za kabla ya 1979 na kitu zina herufi mwishoni, A, B, C na kuendelea, na ile herufi ndo inamwambia muuza spea mabadiliko gani yalishafanyika. Za baadaye zina namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayoanza na SAL. Piga picha. Itakusaidia kwenye kuulizia, ila usisahau ekseli yangu, namba ya chesi haijui fundi alifanya nini mwaka 1991.

Kwenda kutafuta

Beba cha zamani. Kweli, kibebe hata kama kina matope na mafuta, weka kwenye mfuko uende nacho. Dar utaanzia Gerezani na mitaa ya Kariakoo ile ya spea, Nairobi ni Kirinyaga Road ambayo watu bado wanaiita Grogan, Kampala Kisekka. Arusha na Moshi mara nyingi huhitaji hata duka, ulizia gereji za Landrova, wazee wana maboksi ya vitu uvunguni.

Ukifika usianze na "nataka breki za Landrova". Sema "nataka wili silinda ya mbele ya inchi 11, upande wa kushoto, nyuzi za inchi", halafu toa ya zamani mezani. Muuzaji akiona unajua unachotaka naye anabadilika, ataingia stoo ya nyuma badala ya kukupa kilichopo juu ya kaunta. Kama una namba ya spea ndo vizuri zaidi, ila jua hizi namba zimebadilika badilika, spea ileile unaweza kuikuta na namba ya zamani ya tarakimu tupu, kisha ikaja inayoanza na RTC, kisha STC. Kwa hiyo akikwambia namba siyo yenyewe usikate tamaa, mwambie aangalie kama ni mbadala wa ile.

Kuhusu orijino na feki. Breki za hizi gari kiwandani zilikuwa Girling. Leo ukikuta boksi la Girling la zamani halijafunguliwa utafurahi, lakini angalia, raba ya miaka 30 ndani ya boksi imezeeka hata kama haijatumika, ikakauka ikapasuka. Silinda ya chuma sawa, raba nunua mpya. Na spea mpya za kopi siyo zote mbaya, mimi gari yangu inatembea na kopi. Ninachoangalia ni hivi, chuma cha ndani ya silinda kiwe laini kama kioo bila mistari, pistoni iteleze kwa kidole bila kucheza pembeni, nipeli ya kutolea upepo ifunguke na kufungwa, na shu ukizilaza kwenye dramu zikae kwa upana wake wote zisiguse katikati tu au ncha tu. Ikiwa inagusa ncha tu, breki zitalia na zitashika vibaya mpaka zisagike zikae.

Yuzdi sasa. Dramu la mtumba nitanunua, bekpleti nitanunua, masta au wili silinda ya mtumba sinunui, na hosi za mpira za mtumba hata nipewe bure. Hosi ya zamani inavimba kwa ndani wakati kwa nje inang'aa, inageuka kama vavu, mafuta yanakwenda ukikanyaga lakini hayarudi ukiachia, tairi moja inabaki imeshikwa mpaka dramu linanuka. Zipo tatu tu kwenye gari nzima, mbili mbele moja nyuma. Badilisha zote.

Shu ukizikosa kabisa kuna wale wanaopigilia lainingi mpya, ile sehemu inayosugua dramu, kwenye chuma cha zamani kwa riveti. Kazi yao naiheshimu na kwa gari ya mizigo wanafanya kila siku. Ila hakikisha vichwa vya riveti vimezama chini ya uso wa lainingi, ukipitisha kucha usivihisi, la sivyo vitachimba dramu. Na zile ncha mbili za lainingi zipigwe tupa kidogo zisiwe kali.

Nunua kwa ekseli, siyo kwa tairi. Shu za kulia na kushoto zibadilishwe pamoja, la sivyo gari itavuta upande mmoja.

Mafuta ya breki: DOT 4, ndo daraja linaloandikwa kwenye chupa. DOT 3 nayo inafaa ila DOT 4 inavumilia joto zaidi, ikiwa mpya inachemkia nyuzi joto 230 kuendelea, ikishanyonya unyevu inashuka mpaka kama 155, na kwa hali ya hewa ya pwani yetu inanyonya haraka. DOT 5 ya silikoni achana nayo, haichanganyiki na hizo nyingine. Na kuna mtu atakushauri utie oili ya injini au haidroliki kwa dharura. Hapana jamani. Oili hizo zinazotokana na petroli zikiingia tu raba zote zinavimba, masta, silinda, hosi, unaanza upya kila kitu.

Kunyanyua gari, na hapa watu wanaumia

Handbreki ya Landrova siyo ya tairi. Inashika shafti inayotoka nyuma ya gia boksi, kuna kidramu chake pale. Sasa ukinyanyua tairi moja la nyuma kwa jeki, difu, zile gia za katikati ya ekseli, inaruhusu lile la juu lizunguke, na gari inaweza kutembea hata kama umevuta handbreki mpaka mwisho. Nimeiona gari ikishuka kwenye jeki taratibu hivi kama inaaga. Kwa hiyo mawe au vigingi vya mbao mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini, sehemu tambarare, ngumu, na stendi chini ya ekseli. Jeki ni ya kunyanyulia, ya kulala chini yake siyo hiyo.

Jingine kabla hujagusa kitu, vumbi la shu za zamani. Zile za miaka hiyo zilikuwa na asbesto, na hujui zilizomo ni za lini. Usipulize na kompresa, usipige na brashi kavu. Mwagia maji yenye sabuni, acha vumbi liwe tope, futa na kitambaa ukitupe kwenye mfuko.

Kufungua

Legeza ajasta kwanza, ile ya kusogeza shu karibu au mbali na dramu. Kwa nyuma ya bekpleti kuna kichwa cha boliti, ukikizungusha kinageuza kikamu ndani kinachosukuma shu kwenda nje, sasa wewe unataka kikamu kirudi ili dramu litoke. Mbele ya 109 ziko mbili, kila shu na yake. Ya 88 ni moja. Nyuma ya 109 orijino ni nyingine kabisa, ina kichwa cha mraba chini, ukizungusha inalia kliki kliki. Mara nyingi zimeganda. Pulizia mafuta ya kulainisha tangu jana yake, asubuhi tena, usizivunje kwa hasira.

Dramu linashikiliwa na skrubu tatu za kichwa bapa. Zinaonekana kama mchezo kumbe ndo zinakula nusu siku. Bisibisi ya kugonga ndo dawa yake, ile unayoipiga nyundo inajizungusha. Ukitumia bisibisi ya kawaida utaling'oa groovu na itabidi utoboe kwa drili. Skrubu zikitoka, gonga dramu kwa nyundo ya mbao au ya plastiki kuzunguka. Kwenye Series dramu linatoka peke yake, hubu (kile kitovu tairi linapofungwa) na beringi zinabaki, kwa hiyo kama fundi anaanza kukufungulia beringi ili abadilishe shu muulize kwa nini.

Dramu likitoka piga picha. Piga nyingi, juu, chini, pembeni, kulia na kushoto. Springi zinaingia tundu gani, ipi iko mbele ya shu ipi iko nyuma, lainingi ipi imeanza juu zaidi. Fungua upande mmoja tu kwa wakati, mwingine uache mzima uwe kitabu chako.

Angalia sasa. Shu zina unyevu mweusi? Nusa. Ikinuka oili nzito ya gia ni sili ya hubu inavujisha oili ya difu, na lazima ubadilishe hiyo sili kwanza au shu mpya zitalowa ndani ya mwezi. Ikiwa ni maji maji yanayomenya rangi ni wili silinda. Shu zilizolowa mafuta hazisafishiki, watu wanaosha kwa petroli wanachoma moto zikauke, zinashika siku mbili kisha joto linatoa mafuta yaliyojificha ndani zinaanza kuteleza tena.

Dramu lipitishie kidole ndani. Likiwa na mistari ya kuchimbika au limekuwa yai, kwa fundi wa lezi alikwangue, yote mawili ya ekseli moja kwa kiasi kilekile, na isizidi kama milimita 0.75 kwa kipenyo juu ya kipimo cha kiwandani. Likishapita hapo tafuta jingine.

Kufunga

Wili silinda kwanza. Nati ya paipu kama imekataa kufunguka tumia spana ya paipu, ile iliyofunga karibu mzunguko wote, siyo spana ya mdomo wazi inayokula kona. Paipu likijikunja na nati usilisokote, kata, tengeneza jipya. Paipu ni la inchi 3/16, na ukipata la kopanikeli, mchanganyiko wa shaba na nikeli, nunua hilo, halili kutu, linapindika kwa mkono. Ncha yake ifanane na ya zamani, kuna za uyoga na kuna zilizokunjwa mara mbili zikawa kama faneli, aina moja haizibi kwenye mlango wa nyingine hata ukaze mpaka utoe jasho.

Kwenye 109 mbele kuna silinda za kushoto na za kulia. Nipeli ya kutolea upepo lazima iwe juu, kwa sababu upepo unapanda. Kuna fundi mmoja alizigeuza kwenye gari ya jamaa yangu, zikaingia vizuri kabisa, boliti zikakaa, tukatoa upepo kuanzia saa nne asubuhi mpaka adhana ya magharibi, chupa tatu za mafuta, pedeli sponji tu. Kumbe nipeli ziko chini, upepo umekaa juu unatuangalia.

Ukiwa unafunga, raba zipake mafuta ya breki yaleyale au grisi nyekundu ya raba, grisi ya kawaida isifike hapo. Kwenye bekpleti kuna sehemu shu zinaposugulia, pale paka grisi ya shaba inayovumilia joto, kiduchu tu, kama unapaka mafuta ya mdomo. Shu mpya zishike kwa mikono misafi. Ajasta zirudishwe nyuma kabisa. Springi ya kuvuta ina nguvu, mimi nazifunga kwenye shu mbili zikiwa nje, nazikunja kama kitabu, naweka ncha moja mahali pake kisha naifungua kitabu kwenye bekpleti, ncha ya pili naisukumia kwa bisibisi. Vaa miwani, springi ikiruka haichagui.

Rudisha dramu, skrubu tatu na grisi kidogo ili mwenzio wa miaka ijayo asikulaani.

Masta kama unabadilisha, ifunge mezani kwanza kwenye vaisi, itie mafuta, sukuma pistoni taratibu kwa bisibisi butu mpaka upepo wake utoke, ndo uipeleke kwenye gari. Na ile fimbo ya pedeli lazima iwe na kauhuru kadogo kabla haijagusa pistoni, kama milimita 1.5. Usiposikia huo uhuru kwa kidole, pistoni hairudi mpaka mwisho, kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kinabaki kimezibwa, na breki zitajikaza zenyewe gari ikipata joto. Watu wanalaumu shu bure.

Kutoa upepo na kuajasti

Kila fundi ana dini yake hapa. Mimi nalegeza ajasta zote kwanza, springi zinavuta shu, pistoni zinarudi ndani kabisa na upepo unakosa pa kujificha. Wengine wanazikaza mpaka shu ziguse dramu, wanasema unaisikia pedeli vizuri zaidi, sibishani nao. Kwa gari ya usukani wa kulia anza na tairi la mbali na masta, nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Kwenye mfumo wa njia mbili kuna swichi ya taa ya onyo kwenye kile kibloki paipu zinapokutana, ilegeze kidogo kabla hujaanza, maana kipistoni cha ndani kinaweza kuhamia upande mmoja.

Mtu mmoja juu mmoja chini. Mpira kwenye nipeli, ncha nyingine ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. "Kanyaga!" anakanyaga taratibu anashikilia, unafungua robo, mafuta na mapovu yanatoka, unafunga, NDO unasema "achia". Akiachia kabla hujafunga mnavuta upepo upya. Mtoto wa shule anafaa kwa kazi hii kuliko mtu mzima anayetaka kukanyaga haraka haraka amalize. Kila mara tano angalia kopo la masta juu lisikauke. Mafuta yaliyotoka usiyarudishe. Yakimwagikia rangi ya gari mwagia maji papohapo.

Kisha ajasti. Tairi likiwa juu, zungusha ajasta mpaka tairi likatae kuzunguka, mwite mtu akanyage breki mara moja ili shu zijikalie katikati, kaza tena ikiwezekana, halafu rudisha kidogo kidogo mpaka tairi lizunguke, mkwaruzo mdogo wa kusikika siyo mbaya. Ile ya kliki unarudisha kliki moja au mbili.

Pedeli ikanyage ishikilie dakika nzima. Ikizama polepole kuna mahali panavuja, au raba ya masta inapitisha ndani kwa ndani. Kama gari ina busta, kanyaga mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, shikilia, washa, pedeli inatakiwa ishuke kidogo. Pitia kila nati na tishu nyeupe, unyevu wowote utauona.

Nati za tairi kaza kwa kupishana, kati ya Nm 100 na 115. Safari ya kwanza uwanjani au barabara ya vumbi isiyo na watu, mwendo wa kutembea kwa miguu, kisha 20, kisha 40. Shu mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza, zinahitaji kusimama kwa upole mara kama thelathini hivi zijilalie kwenye dramu, na usianze kwa kukimbilia mlima Kitonga ukiwa na mzigo.

Ukirudi, gusa kila dramu kwa nyuma ya kiganja, kwa haraka. Yote yawe ya uvuguvugu unaofanana. La baridi halishiki, la moto sana linaburuza. Yangu nyuma kulia lilikuwa linaunguza, nikarudisha ajasta kidogo, kesho yake likawa sawa na wenzake. Baada ya kilomita 300 hivi kaza ajasta zote upya, maana lainingi zitakuwa zimeshalala na pedeli imeshuka, na siku hiyohiyo pima tena nati za tairi, mimi nilikuta mbili zimelegea.